Nani Ana Neno?

"Ungetaka uambiwe lini?"

Mama aliniuliza hivyo Jumamosi moja, saa sita mchana, ndani ya karakana iliyogeuzwa studio kule Ingleburn, pembeni mwa Sydney, mbele ya wanawake sita wa kwaya yake na Wahispania watatu ambao hawakuelewa hata neno moja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na shahada. Nyumbani nilijulikana kama mtu asiyekosa jibu, na kwa baadhi ya wazee wa kanisa hiyo haikuwa sifa. Swali lile sikulijibu. Nilitazama zulia lililotandazwa sakafuni ili limeze mwangwi, nikaanza kuhesabu madoa yake.

Niliingia katika chumba kile kwa njia ya maboksi. Nilikuwa nimemaliza chuo, isimu na Kihispania. Watu wa kanisani walipomuuliza mama Kihispania kinasaidia nini, alijibu, "Kinasaidia kumaliza chuo." Kazi pekee iliyonipokea ilikuwa kwenye ghala la vipuri vya viyoyozi, hapo hapo Ingleburn, safari ya treni mbili kutoka kwetu Penrith. Nilibandika lebo. Meza ya pili alikuwapo Mhispania mmoja, mwanamke mwenye nywele fupi na kizibao cha njano kilichomzidi, ambaye aliitukana mashine ya lebo kutwa nzima kwa lugha yake akiamini hakuna anayemwelewa. Siku ya tatu, alipomfikia mama wa mashine, nilimwambia kwa Kihispania kwamba mashine haina mama. Alinigeukia kama mtu aliyesemeshwa na kabati. Kisha akacheka mpaka msimamizi akaja kutuuliza kama kuna tatizo.

Alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya roki. Walikuwa wamekuja Sydney wanne, kwa viza za kufanya kazi na kutembea, wakipanga kurekodi albamu yao ya pili mbali na kila mtu aliyewajua. Kufikia wakati nilipoanza kula naye chakula cha mchana, walikuwa wamebaki watatu. Mpiga dramu aliondoka asubuhi moja kwenda kuchuma matunda kaskazini, akachukua hata kiti alichokuwa akikalia. Mpiga gitaa naye viza yake ilikuwa ukingoni, na tiketi yake ya kurudi kwao ilikuwa ya Jumapili. Na huyo mpiga gitaa na mwimbaji, waliokulia mtaa mmoja na kujifunza muziki katika gereji moja, walikuwa hawajasemezana kwa wiki tano.

"Kwa sababu gani?" nilimuuliza.

"Ni mambo yao."

Nilichukia jibu hilo. Sijawahi kuona mambo ya watu wawili ambayo hayakuwa pia mambo ya wa tatu. Na wa tatu alikuwa yeye. Nyimbo kumi zilikuwa tayari, aliniambia, ya kumi na moja ilikuwa nusu, na mwimbaji alikuwa ametangaza kwamba wimbo huo usipokamilika kabla mwenzake hajapanda ndege, atazifuta zote kumi na moja. Hakuwa akitisha tu. Kwao aliwahi kuchoma daftari zima la nyimbo kwa kuchukizwa na mstari mmoja. Miezi kumi na minne ya maisha ya mpiga kinanda ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Alikuwa ameosha vyombo, amebandika lebo, amelala kwenye godoro la upepo kwa ajili ya albamu ile. Alinieleza haya akimenya chungwa, na alipomaliza kulimenya akalisahau mezani.

"Wimbo wenyewe unahitaji sauti za wanawake," alisema. "Si za kupendeza. Za kweli."

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwonyesha video kwenye simu yangu: kwaya ya mama jikoni kwetu, wanawake wanane, bila ala, wakiimba huku wakisubiri sombe, majani ya muhogo, iive. Nilimwonyesha kwa kujigamba, nakiri, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuimba nao tangu mwaka wa mwisho wa chuo. Kwanza nilisema ni masomo. Kisha nikasema ni kazi.

Mama alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Alitaka kuona maneno tu. Mwimbaji alikuwa ameandika mistari minne kuhusu mtu anayetengeneza baiskeli uani, nami nikaitafsiri, nikampelekea mama akiwa bado na sare yake ya kazi, maana alikuwa ametoka kuwaogesha wazee wa watu tangu alfajiri. Aliisoma mara mbili.

"Huyu wa baiskeli alikufa lini?"

"Nani kasema amekufa?"

"Mtu aliye hai hawamwimbii hivi."

Nilimwambia asitafute misiba kila mahali. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye Biblia yake.

Sasa inabidi nieleze jambo moja kuhusu kwaya ile. Ilianzia kambini, mkoa wa Kigoma, kabla sijazaliwa, na kule watu walikuwa na sababu kubwa sana za kutoimba pamoja. Wengine walikuwa wamekimbia mikono ya ndugu za wengine. Kwa hiyo waliweka desturi: kabla ya kuimba wanakaa duara, kiongozi anauliza, "Nani ana neno?" Mwenye kinyongo anakisema pale pale, mbele ya anayemhusu. Wakipatana, wanaimba. Wasipopatana, hawaimbi, hata kama kanisa limejaa. Hapa Sydney, Pasaka moja, waliketi kimya ibada nzima wakiwa na sare zao kwa sababu ya maneno yaliyosemwa kwenye sherehe ya kumfunda bibi harusi, na mchungaji akalazimika kuwaimbisha watu mwenyewe, bila kupenda.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilimuuliza mama kama wamewahi kupima. Mtu akisema hana neno na kumbe analo, sauti yake inabadilika? Kiasi gani?

"Tanti akiwa na neno," alisema mama, "besi inapanda."

Tanti alikuwa Mkongo kutoka Uvira, na sisi watoto wote tulimwita hivyo, yaani shangazi. Alikuwa mwanamke pekee niliyemjua aliyeimba besi. Wanaume wa kwaya walikuwa wamekwisha kumezwa na shifti za usiku na malori ya bandari ya Port Botany, basi alishuka chini akashika nafasi yao na hakupanda tena.

Jumamosi ile, soprano mmoja aliitwa kazini ghafla. Mama aliniambia kwa simu, bila kubembeleza, "Utasimama mahali pake." Niliwaza juu ya chungwa lile, nikasema sawa.

Walifika saa nne na nusu kwa gari la kanisa, wamevaa vitenge vya kijani, sare kamili.

"Tanti, ni rekodi," nilimwambia. "Hakuna atakayewaona."

"Mungu anaona. Na bale Waespanyoli je, iko vipofu?"

Karakana ilikuwa ya kutengenezea makabati ya jikoni zamani, na harufu ya gundi haikuwa imetoka. Magodoro yalikuwa yameegemezwa ukutani. Kioo kirefu, ambacho lazima kiliwahi kuwa dirisha la duka, kilitenganisha chumba kikubwa na kile kidogo cha kurekodia. Wanawake walimimina chai kutoka chupa zao, wakawagawia wenyeji maandazi. Mpiga kinanda alikuwa akifunga na kufungua nyaya zile zile. Aliniuliza kwa sauti ya chini tutaanza saa ngapi, maana karakana ilitakiwa kurudishwa kwa mwenyewe kabla ya saa tisa. Nilimwambia dakika kumi.

Duara lilikaa. Mama akauliza, "Nani ana neno?" Mmoja aliomba radhi kwa kumcheka mwenzake kuhusu wigi. Wakashikana mikono, wakacheka tena, kuhusu wigi lile lile. Mimi nilitazama mbele.

"Na hao?" mama aliuliza, akielekeza kidevu kwenye kioo.

"Hao si wa kanisa, mama."

"Wimbo ni mmoja. Wana neno?"

"Hawana."

"Umewauliza?"

"Nimewauliza."

Nilisema uongo huo kwa urahisi. Nilijiambia kwamba desturi ile ilikuwa yao, si ya Wahispania. Kwamba hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha kwamba kinyongo kinaingia kwenye maikrofoni. Kwamba mwanamke mmoja alikuwa karibu kupoteza kazi ya miezi kumi na minne. Yote matatu bado nayaamini. Uongo ulikuwa uongo vilevile.

Tanti alikuwa amesimama karibu na kioo, andazi mkononi.

"Mama Kiongozi, kuya uone. Yule wa gitaa na yule wa kuimba hawaangaliani. Hata chai, huyu dada njo anapitisha. Sukari pia." Akanigeukia. "Mutoto yangu. Miaka mine unasoma luga ya batu, sura yabo hawakukufundisha?"

Wote walicheka isipokuwa mama. Aliniangalia kidogo, kisha akaweka kikombe chake chini.

"Waite," alisema. "Wote watatu. Na watafute pa kukaa. Maneno haya hayasemwi watu wamesimama."

Kuwaita ilikuwa kazi. Mpiga kinanda alisema nimeahidi dakika kumi. Mwimbaji, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisema alikodi sauti, hakukodi mahakama. Nikamjibu kwamba hakukodi chochote, wamekuja bure, na bila hili watarudi Penrith na maandazi yao. Mpiga gitaa alikuwa amekwisha kusimama. Aliingia wa kwanza, akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Viti havikutosha. Mama alikaa juu ya amplifaya, na nikaona mpiga gitaa akifumba macho.

"Waambie hatuwajui na hatutaki siri zao," mama alisema. "Lakini tutaimba juu ya baba wa mtu. Tujue kama waliobaki wanasemezana."

Nilitafsiri, na nilipofika kwenye "baba wa mtu" mwimbaji aliinua kichwa. Sikuwa nimemwambia mama kitu kuhusu baba, kwa sababu sikuwa najua kitu.

Akaanza kusema, akinitazama mimi.

"Nilikuwa naimba. Nikiimba huzima simu. Shangazi yangu akampigia huyu. Saa tano asubuhi huyu alijua kwamba baba yangu amekufa. Mimi aliniambia saa kumi na moja jioni. Hapo katikati nilirekodi nyimbo tatu. Siku hiyo nilikuwa na furaha, sijui kwa nini. Kwenye wimbo mmoja nacheka. Umo kwenye albamu. Ukisikiliza utanisikia nacheka na baba yangu amelala pale, amefungwa kidevu."

Niliwaambia wanawake, kipande kwa kipande. Kulikuwa na "eee" moja ndefu iliyozunguka chumba. Nilidhani najua maana yake. Nilidhani wanamhurumia kama nilivyomhurumia mimi, hasira ikinipanda.

"Muulize," mama alisema. "Alipoambiwa, alikuwa amekaa au amesimama?"

"Mama, hilo lina maana gani?"

"Muulize."

Nikauliza. Mwimbaji alifikiri. "Nimesimama. Mlangoni. Nilikuwa natafuta funguo za gari."

"Na nani mwingine alikuwapo?"

"Hakuna."

Tanti alipiga kofi moja. "Njo hapo!" Yaani, ndipo penyewe.

Mama aligeuza magoti yake kuelekea mpiga gitaa. "Mwambie huyu kwamba kuficha hakukosea. Alikosea kuficha peke yake. Na alikosea kutoa habari mlangoni, kama mtu anayetoa takataka. Mzigo ule haubebwi na mmoja."

Sikutafsiri.

Kwetu habari ya kifo haitupwi kwenye simu. Walioipata hukutana kwanza. Wanachagua siku, wanachagua atakayesema, wanahakikisha mfiwa amekula, amekaa, ana mtu kulia na mtu kushoto. Inaweza kuchukua saa moja, inaweza kuchukua mwezi. Hakuna anayeita jambo hilo uongo. Nilikuwa naijua desturi hiyo kwa ndani kuliko wote waliokuwa katika chumba kile. Au ndivyo nilivyoamini.

"Unangoja nini?" mama aliuliza.

"Hilo sitafsiri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli. Kumficha mtu kifo cha mzazi wake ni kumwibia. Hata kwa saa sita. Hata mkikaa kwenye viti."

Foklifti ilipita karakana ya jirani, ikapiga mlio wake wa kurudi nyuma, ikanyamaza. Mpiga kinanda aliniuliza kwa Kihispania kuna nini. Nikainua mkono kumnyamazisha.

"Basi una neno," mama alisema.

"Nina neno."

"Na mimi?"

"Na wewe."

Wanawake wote sita walitazama mahali pengine. Nikalitoa. Nilisema kwamba bibi yangu, mama yake yeye, ndiye aliyenilea kambini mpaka nilipofika miaka tisa. Kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa kokoto. Kwamba alifariki kule kule, mwaka wangu wa mwisho wa chuo, na mimi nikaambiwa wiki tatu baadaye, Ijumaa, nilipotoka kwenye mtihani wa mwisho na kukuta sebule imejaa watu hawa hawa, mmoja kulia, mmoja kushoto. Nilisema kwamba kwa wiki tatu bibi alikuwa chini ya udongo na mimi nilikuwa nikimtumia ujumbe wa sauti kupitia simu ya jirani, nikimsimulia maswali ya mtihani.

"Wiki tatu ulinipikia chai," nilimwambia. "Ulinitazama usoni. Ukaniuliza kama nimelala vizuri. Hata mpelelezi anaona aibu."

Tanti alisema, "Binti, heshima."

"Muache," mama alisema. "Ni neno lake." Hakuwa amepandisha sauti. Alikuwa ameshika kingo za amplifaya kwa mikono yote miwili. "Nakuuliza tu. Ungetaka uambiwe lini? Asubuhi ya mtihani wa kwanza? Ukiwa kwenye treni, peke yako, kati ya watu wenye vitu masikioni? Niambie siku, mwanangu. Itaje."

Hapo ndipo nilipohesabu madoa. Nilijaribu kweli. Nilipitisha siku zile mbele ya macho yangu moja moja, Jumatatu, Jumanne, na katika kila moja nilikuwa mahali fulani, nimesimama, nina begi. Nilijua kwamba nilikuwa na haki. Siku sikuipata.

"Anasema nini?" mwimbaji aliuliza.

Ningeweza kumwambia ni mambo yetu. Badala yake nilitafsiri. Niligeuza ugomvi wangu na mama kuwa Kihispania, bibi, kokoto, chai, treni, yote, kwa sauti ya mkalimani, na katikati nikatambua kwamba machozi yananitoka bila kuathiri sarufi. Nilipomaliza, nikatafsiri na kile nilichokuwa nimekataa: kwamba kuficha hakukuwa kosa, kosa lilikuwa mlango.

Mwimbaji alimgeukia mama. Kisha akasema, "Mwambie mama yako kwamba ni kitu kimoja. Yeye alificha kwa ajili ya mtihani, huyu alificha kwa ajili ya wimbo. Wote wawili walitaka kazi iishe."

Nilimwambia mama, na sikupunguza makali.

"Si kitu kimoja," mama alisema.

"Kwa nini si kitu kimoja?"

Alifungua mdomo. Alimtazama Tanti, na Tanti alikuwa akitazama viganja vyake mwenyewe. Mama akaufunga mdomo.

"Si kitu kimoja," alirudia, na hakuongeza.

Nilifurahi, kwa ukatili wa mtu anayeshinda mjadala. Niliwaza: hana hoja.

Ndipo mpiga gitaa akasema. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake. Alikuwa akitazama zulia lile lile.

"Nilijiambia nangoja wakati mzuri," alisema. "Kwamba nitamkalisha, nitamtafutia kitu cha kunywa. Saa sita nilijiambia hivyo. Saa saba pia. Lakini alikuwa anaimba kuliko alivyowahi kuimba, na kila wimbo ukiisha nilisema, mmoja tena. Halafu nikasema, mmoja tena. Sikuficha kwa ajili yake. Nilitaka ule wimbo."

Nilitafsiri polepole. Mwimbaji alikuwa ameshika uso. Mpiga kinanda, ambaye kumbe hata yeye hakuwa amewahi kusikia hilo, alisema neno alilokuwa akiiambia mashine ya lebo.

"Hilo ndilo neno," mama alisema. "Hayo mengine yalikuwa maelezo tu."

Tukangoja. Saa yangu ilisema saa saba kasoro. Nilimwona mpiga kinanda akiitazama kompyuta nyuma ya kioo kama mtu anayetazama mtoto karibu na barabara. Mwimbaji alisimama, na nikadhani anakwenda kufuta. Kitufe kilikuwa hatua nane kutoka pale. Alikwenda mpaka kwenye kioo, akasimama ametupa mgongo.

"Simsamehe," alisema. "Mwambie mama. Siwezi kudanganya mbele ya watu waliovaa hivi." Kisha, bila kugeuka, akamwambia mwenzake moja kwa moja, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, "Waya wako wa tatu umelegea. Tangu asubuhi. Ukaze."

Mpiga gitaa alichukua gitaa, akaanza kukaza.

Niliwatafsiria wanawake yote mawili, kutosamehe na waya. Wakajadiliana. Mmoja alisema desturi ni desturi, hawajapatana. Mwingine alisema kambini walingoja miezi kwa jambo dogo kuliko hili. Mpiga kinanda alinishika mkono kwa nguvu, akiniuliza wanasema nini, wanasema nini, na sikuweza kumjibu kwa sababu nilitaka kusikia.

"Bon," Tanti alisema mwishowe. "Mwenye alikosa amesema kweli. Mwenye alikosewa amesema kweli. Kusamehe itakuja na siku zake, haiko kazi ya kwaya. Uongo tu njo inaharibu besi. Mimi naimba."

Mama alikubali kwa kichwa. Wakasimama, wakatengeneza vitenge. Nilikwenda kusimama upande wa soprano, nikavaa hedifoni.

"Na wewe?" mama aliniuliza. "Neno lako limeisha?"

Ningesema ndiyo, tungeimba sote. Asubuhi ile ile nilikuwa nimesema uongo mkubwa zaidi bila kupepesa macho.

"Bado," nilisema.

"Basi usiimbe."

Hakusema kwa hasira. Alinivua hedifoni mwenyewe, kwa uangalifu, kama anavyowavua wazee miwani, akazitundika msumarini. Nikaenda upande wa pili wa kioo, nikakaa karibu na mpiga kinanda, na kwa kuwa alikuwa amezibana hedifoni masikioni kwa mikono yote miwili, mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha kurekodi.

Waliimba mara tatu. Ile iliyobaki ni ya pili. Upande wa soprano kuna sauti moja tu, nyembamba, isiyo na mwenzake, na mafundi waliofanya kazi ya mwisho kule Hispania waliuliza kama waijaze kwa mashine. Mwimbaji alikataa. Hakufuta kitu. Hata ule wimbo anaocheka umo, wa nne kwenye orodha. Mpiga gitaa aliruka Jumapili na, kwa ninavyojua, hawajapiga tena pamoja. Albamu ilitoka baridi iliyofuata. Watu wachache waliinunua, mmoja wao Tanti, asiyekuwa na mashine ya kuichezea.

Mimi na mama tulirudi Penrith kwenye gari la kanisa, viti tofauti. Tuliendelea kuishi nyumba moja. Alinipikia chai, nikainywa. Neno langu sikulitoa tena wala sikulimaliza. Nililizoea, kama mtu anavyozoea goti bovu. Nilipata kazi ya ukalimani hospitalini, nikahama, nikawa nakwenda kwake Jumapili.

Miaka minne ilipita hivyo. Kisha Jumapili moja baada ya ibada Tanti aliniita nyumbani kwake, na jikoni nikawakuta wale wanawake, bila mama, ambaye alikuwa kazini. Kaka wa soprano mmoja alikuwa amefariki nyumbani, Kongo, na mwenyewe alikuwa hajui. Walikuwa wanapanga siku. Kwa mara ya kwanza walikuwa wamenihesabu kati ya watu wazima wa kukaa kulia au kushoto. Nami, bila shaka, kabla sijaketi niliuliza nani aliyetupa haki hiyo.

"Sawasawa na mama yako," Tanti alisema. "Njo vile alituuliza. Alilia, alitukana, alisema tumemwibia."

Nikauliza lini.

Alinitazama kwa mshangao, akifikiri najua. Simu ya kutoka kambini kuhusu bibi, alisema, ilikuja kwake, si kwetu. Waliijadili jikoni pale. Walijua uso wa mama hauwezi kuficha, kwamba ningeusoma nikiwa bado mlangoni, na mitihani ilikuwa imebaki mitano. Wakaamua kungoja. Walimkalisha siku moja kabla ya mtihani wangu wa mwisho, alipotoka kazini.

Bibi alizikwa, zikapita wiki tatu. Mama aliambiwa Alhamisi. Mimi niliambiwa Ijumaa.